Umeme wa Jua Kutoka Angani kwa Mawimbi ya Maikrowevu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Afya na Mazingira ya Kanda ya Kati

Maswali yafuatayo ndiyo hujitokeza kila yanapoanza mazungumzo kuhusu umeme wa jua unaokusanywa angani na kushushwa ardhini kwa mawimbi. Yamejibiwa kwa kuizingatia nchi kame ya Dodoma na Singida, watu wake, mifugo yake na viumbe wake. Kituo cha aina hiyo hakijajengwa Tanzania, wala hakuna nchi yoyote inayouza umeme uliotoka angani kwa njia hii. Msimamo wa majibu haya ni kwamba huu ndio wakati mzuri wa kuuliza, kwa kuwa tathmini inayoanza baada ya nguzo kusimikwa haina cha kulinganisha nacho.

Umeme huu unazalishwaje, na unafikaje ardhini?

Wazo hili lilichapishwa mwaka 1968 na mhandisi Peter Glaser wa Marekani. Setilaiti yenye paneli kubwa za sola huwekwa juu ya ikweta, umbali wa kilomita zipatazo 36,000, ambako huizunguka dunia kwa mwendo unaolingana na mzunguko wa dunia yenyewe, na hivyo huonekana kama imesimama mahali pamoja. Huko juu hakuna mawingu, na kivuli cha dunia huifikia setilaiti kwa muda mfupi tu, katika majuma yanayozunguka Machi na Septemba. Umeme unaopatikana hugeuzwa kuwa mawimbi ya maikrowevu, kwa kawaida ya gigahezi 2.45 au 5.8 (kipimo cha masafa, yaani wimbi hutikisika mara ngapi kwa sekunde), na antena kubwa huyaelekeza kwenye kituo cha kupokelea.

Kituo hicho huitwa rektena. Ni uwanja mpana wa antena ndogo ndogo. Kwa mawimbi ya gigahezi 2.45 kila moja huwa na urefu wa sentimita 6 hivi, na katikati yake kuna diodi inayogeuza wimbi kuwa umeme wa mkondo mnyoofu. Antena hizo hupangwa kwa mamilioni juu ya wavu wa chuma ulioinuliwa mita kadhaa kutoka ardhini. Wavu huo huyazuia mawimbi yasipite kwenda chini, lakini huacha sehemu kubwa ya mwanga wa jua na mvua vipite. Sifa hiyo ndogo ya ujenzi ina uzito mkubwa katika maswali ya malisho na kilimo yatakayofuata.

Je, teknolojia hii imekwisha kujaribiwa?

Ndiyo, kwa hatua. Mwaka 1964 William Brown alirusha helikopta ndogo iliyopata nguvu zake kutoka kwenye mwale wa maikrowevu. Mwaka 1975, huko Goldstone, California, zaidi ya kilowati 30 zilipokelewa kutoka umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Mwaka 2015 kampuni ya Mitsubishi Heavy Industries ya Japani ilituma kilowati 10 kwa umbali wa mita 500. Mwaka 2023 chombo cha majaribio cha chuo cha Caltech kilituma mawimbi kutoka kwenye obiti, yaani kikiwa kinaizunguka dunia, yakatambuliwa huko Pasadena, ingawa kilichofika kilikuwa kidogo mno kuweza kutumika kama umeme.

Tathmini pana zaidi ya afya na mazingira ilifanywa na NASA pamoja na Wizara ya Nishati ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mfano uliotumika wakati huo ulikuwa setilaiti ya megawati 5,000, na takwimu nyingi zilizomo katika majibu haya zinatokana na mfano huo, kwa sababu ndio uliochambuliwa kwa kina kuliko mingine.

Kwa nini Kanda ya Kati itajwe katika jambo hili?

Kwa sababu ya mahali ilipo. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwale kutoka setilaiti iliyo juu ya ikweta ungeshuka karibu wima. Katika latitudo ya nyuzi 35, mwale uleule huanguka kwa mshazari, na rektena ya upana wa kilomita 10 hulazimika kurefushwa hadi kilomita 13. Huku kwetu ingekuwa karibu duara kamili, yenye eneo la kilomita za mraba 79 hivi, pasipo kuhesabu ukanda wa tahadhari wa kuizunguka. Kuna tambarare, mvua ni ya msimu mmoja, na njia kuu ya umeme wa msongo wa kilovolti 400 inapita Dodoma ikitokea Iringa kuelekea Singida na Shinyanga.

Sababu hizo ni za mhandisi. Kwa mfugaji wa Bahi au Manyoni, eneo hilohilo ni malisho ya kiangazi, na tathmini inayoliita ardhi tupu itakuwa imekosea katika ukurasa wake wa kwanza.

Mwale huo una nguvu kiasi gani ukilinganishwa na jua?

Katika mfano wa miaka ya 1970, nguvu katikati ya rektena ilikuwa wati 230 kwa kila mita ya mraba, na ukingoni wati 10. Jua la mchana mkali hufikia wati 1,000 hivi kwa eneo hilohilo. Wapo wanaouchukua ulinganisho huo kama uthibitisho kwamba hakuna la kuogopa, na hapo wanakosea. Mwanga wa jua huishia kwenye ngozi, ambayo inahisi joto na kututuma tukatafute kivuli. Mawimbi ya gigahezi 2.45 hupenya sentimita moja hadi mbili ndani ya msuli, huacha joto lake mahali ambapo hisia za ngozi hazifiki vizuri, na hayakomi jua linapotua.

Je, mionzi hii ni sawa na ya eksirei? Inaleta saratani?

Si sawa. Eksirei na mionzi ya madini kama urani ni mionzi ayonisha, yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye molekuli na kuharibu vinasaba moja kwa moja. Maikrowevu ni mionzi isiyoayonisha: kila chembe yake hubeba nishati iliyo pungufu karibu mara milioni moja ya ile inayohitajika kwa kazi hiyo. Athari yake iliyothibitika ni kupasha joto. Lenzi ya jicho, ambayo haina damu ya kuipoza, na korodani, ambazo huhitaji ubaridi, ndizo zinazodhurika mapema, na mtoto wa jicho ameonekana kwa wanyama wa maabara waliopigwa na mawimbi makali.

Kuhusu saratani, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio mwaka 2011 katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi ulioelezwa kuwa ni finyu na uliotokana zaidi na matumizi ya simu za mkononi. Uamuzi huo hausemi kwamba rektena italeta saratani, lakini unatosha kulifanya suala la kuishi miaka mingi ndani ya mawimbi hafifu kuwa sehemu ya lazima ya tathmini yoyote.

Viwango vya usalama ni vipi, na wakazi wa karibu watapata kiasi gani?

Viwango vinavyofuatwa na nchi nyingi hutolewa na tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha, iitwayo ICNIRP, ambayo mara ya mwisho ilivipitia mwaka 2020. Kwa masafa haya, mwananchi wa kawaida asizidishiwe wati 10 kwa mita ya mraba, na mfanyakazi aliyefunzwa asizidishiwe wati 50, kwa wastani wa dakika 30 mwili mzima. Kwa hiyo katikati ya rektena kuna nguvu mara 23 ya kiwango cha mwananchi, na hapaingiliki bila kinga. Ukingoni kuna kiwango chenyewe. Na nje ya uzio nguvu hushuka haraka.

Hushuka, lakini haiishi. Kila antena huvujisha sehemu ya mawimbi pembeni mwa mwale mkuu. Katika mfano wa Marekani mvujo mkubwa zaidi ulikadiriwa kuwa wati 0.8 kwa mita ya mraba, kilomita kadhaa kutoka ukingoni. Kwa ICNIRP hicho ni kiasi kidogo sana. Kwa kiwango cha Urusi kwa wananchi, ambacho ni wati 0.1, ni mara nane ya kinachoruhusiwa. Kijiji kilekile kinaweza kuhesabiwa salama kwa kitabu kimoja na kuhesabiwa hatarini kwa kitabu kingine, pasipo wimbi lolote kubadilika. Ndiyo maana kiwango kitakachotumika kinapaswa kuchaguliwa na kutangazwa kabla ya kituo kubuniwa, kwa maana kiwango kinachochaguliwa baada ya hapo huelekea kulingana na kile ambacho mtambo tayari unakitoa.

Joto la Dodoma halitaongeza madhara?

Swali hili linastahili kuulizwa kwa nguvu zaidi, kwani sehemu kubwa ya tafiti zilifanyika katika maabara zenye hewa ya wastani. Mwili wa mtu mzima aliyepumzika huzalisha joto la wati 80 hadi 100. Mwananchi aliye kwenye kiwango chake cha juu kabisa angeongezewa wati zisizozidi 5 hivi, kiasi ambacho hata mkulima anayetifua shamba mwezi Novemba, kabla ya mvua, hawezi kukitofautisha na juhudi ya jembe lake.

Kwa fundi hali ni tofauti. Akiwa kwenye kiwango cha juu cha mfanyakazi huongezewa wati 24 hivi, na akiingia katikati ya rektena bila kinga huenda akaongezewa zaidi ya wati 100, yaani joto linalolingana na lile linalozalishwa na mwili wake mwenyewe akiwa amepumzika. Mavazi ya kinga yenye nyuzi za chuma huzuia mawimbi, lakini pia hubana jasho. Ukiongeza jua la saa saba mchana na chuma kilichopata moto, hatari ya kuzidiwa na joto inakuwa ya kweli, na jibu sahihi ni kuuzima mwale kwenye sehemu inayotengenezwa, kuliko kumtegemea fundi avumilie. Wajawazito wanahitaji uzingativu wa pekee, kwa sababu joto la mwili likipanda sana huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Vipi wenye vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo?

Vifaa vya kisasa vimekingwa dhidi ya mawimbi ya kawaida ya mtaani, lakini havikuundwa kwa ajili ya katikati ya rektena. Wenye vifaa hivyo wasipewe kazi ndani ya uzio, na hospitali za mkoa zijulishwe mapema.

Mwale ukihama na kuangukia mji, au ukageuzwa kuwa silaha?

Mwale huongozwa na ishara inayotumwa kutoka katikati ya rektena kwenda kwenye setilaiti. Maelfu ya vipande vya antena ya angani huitumia ishara hiyo kupatanisha mawimbi yao. Ishara ikikatika, vipande havipatani tena, mwale hutawanyika juu ya eneo kubwa, na nguvu yake hushuka mbali chini ya viwango vya usalama. Zaidi ya hapo, maumbile ya mawimbi yenyewe yanaweka mpaka: antena ya upana wa kilomita moja, kwa mawimbi ya sentimita 12, kutoka kilomita 36,000, haiwezi kukusanya mwale kwenye eneo dogo kuliko kilomita 10 hivi. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kuubana uwe mkuki. Kinachobaki kuhojiwa ni iwapo mtu anaweza kuighushi ishara ya kuongozea, na tathmini inapaswa kudai majaribio ya wazi juu ya hilo.

Ndege wa porini watapata madhara gani?

Hapa ndipo penye wasiwasi mkubwa kuliko pote, kwa sababu ndege hawasomi mabango ya tahadhari.

Kiumbe hufyonza mawimbi kwa wingi pale urefu wa mwili wake unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Kwa gigahezi 2.45 hiyo ni sentimita 5 hadi 6, kwa hiyo ndege wadogo na popo huangukia karibu na kipimo hicho. Kweleakwelea, wanaovamia mtama na uwele wa Dodoma kwa makundi makubwa, wamo humo. Kundi linalopita juu ya rektena litakuwa ndani ya mwale kwa dakika chache, na hilo huenda lisiwadhuru. Mashaka yako kwa ndege anayetua. Wavu uliolala juu ya mbuga isiyo na miti mirefu ni mahali pa kupendeza pa kupumzikia na pengine pa kujengea kiota, na anayetua hapo anapokea wati 230 kwa mita ya mraba mfululizo, huku kinda asiye na manyoya akiwa hana njia ya kuondoka. Majaribio yaliyofanywa Marekani wakati wa tathmini ile yaliwaonyesha ndege wakihema na kuhangaishwa na joto mawimbi yalipokuwa makali, hali ambayo kwenye kiangazi chetu ingetokea mapema zaidi.

Kuna pia tai na korongo wanaopaa kwa kutumia hewa moto inayopanda. Rektena hupoteza sehemu ya nguvu kama joto, na ni lazima kuchunguzwa iwapo joto hilo litawavuta ndege hao wazunguke palepale kwa muda mrefu. Ardhi oevu ya Bahi huwa na ndege wa majini wengi miaka ya mvua nzuri, na wengine ni wahamiaji wanaosafiri kati ya Ulaya na Afrika kila mwaka. Kituo kikiwekwa katikati ya njia yao, hasara itahesabiwa pia na nchi nyingine.

Na nyuki?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mwaka 1981 majaribio ambamo nyuki wazima walipigwa na mawimbi ya gigahezi 2.45, yenye nguvu ya wati 30 hadi 500 kwa mita ya mraba, kwa nusu saa. Hawakuona tofauti katika kuruka kwao wala katika uwezo wao wa kurudi mzingani. Ni habari njema, lakini haifungi mjadala. Nusu saa si msimu mzima, na nyuki wale si nyuki wetu, sembuse nyuki wadogo wasiouma. Tena, watengenezaji wakihamia gigahezi 5.8 ili kupunguza ukubwa wa antena, urefu wa wimbi hushuka hadi sentimita 5, na mwili wa nyuki unakaribia zaidi kipimo cha kufyonza. Uchaguzi unaoonekana kuwa wa kihandisi tu unaingia hadi kwenye mizinga ya Manyoni na Kondoa.

Ng'ombe wanaweza kulisha chini ya rektena? Mashamba je?

Kitaalamu inawezekana, kwa sababu chini ya wavu mawimbi yanayobaki ni kidogo sana huku mwanga na mvua vikipita. Kivuli chepesi kinaweza hata kuutunza unyevu wa udongo. Lakini wavu hutoboka, na bolti hulegea kwa upepo. Ng'ombe akijikuna kwenye nguzo kila siku, wavu husogea, na pengo la sentimita chache hupitisha mwale kwenye mgongo wa ndama aliyelala. Ruhusa ya malisho iambatane na ukaguzi wa kila mara wa mawimbi chini ya wavu, kwa kipimo kinachoshikwa kwa usawa wa mgongo wa mnyama na pia kwa usawa wa majani. Sharti hilo lisipowezekana, ardhi yote ihesabiwe kuwa imeondolewa kwa wafugaji, na fidia ikadiriwe hivyo.

Abiria wa ndege zinazotua Dodoma wako salama?

Bodi ya chuma ya ndege huzuia sehemu kubwa ya mawimbi, na kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa ndege huvuka upana wa kilomita 10 kwa sekunde 45. Hata hivyo anga ya juu ya kituo itangazwe marufuku, hasa kwa ndege ndogo na droni, ambazo vyombo vyake vya elektroniki vinaweza kuvurugwa.

Mwale unaathiri mvua, hali ya hewa au mawasiliano?

Kwa gigahezi 2.45 mawingu na mvua hufyonza kiasi kidogo mno, hivyo hakuna sababu ya kuhofia kwamba mwale utafukuza mvua ambayo Dodoma huisubiri kuanzia Desemba hadi Aprili. Athari inayotazamwa ni ya juu zaidi, kwenye ayonosfia, tabaka la juu la hewa lenye chembe za umeme, ambako mawimbi makali huweza kupasha elektroni moto; kikomo cha wati 230 kiliwekwa hasa kwa ajili hiyo. Kwa upande wa mawasiliano, masafa ya 2.45 ndiyo hutumiwa na Wi-Fi na Bluetooth, kwa hiyo mwingiliano nje ya uzio ni jambo la kupimwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Setilaiti yenyewe haina gharama kwa mazingira?

Inayo, na mara nyingi husahaulika. Mfano wa miaka ya 1970 ulikuwa na uzito wa tani 34,000 hadi 51,000 kwa setilaiti moja. Miundo ya leo ni myepesi zaidi, lakini bado ingehitaji roketi nyingi, na roketi zinazochoma mafuta ya taa huacha masizi katika tabaka la juu la hewa, ambako hukaa kwa muda mrefu kuliko moshi wa barabarani. Vipo pia vifusi vya angani, na mwangaza wa setilaiti kubwa usiku. Tathmini inayopima rektena pekee itakuwa imepima nusu ya mradi.

Nani mwenye mamlaka ya kutathmini hapa nchini?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira kwa miradi mikubwa, chini ya usimamizi wa taasisi ya taifa ya mazingira, na inawapa wananchi haki ya kushirikishwa. Mionzi ni jukumu la Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo tayari hupima mawimbi ya minara ya simu. Ardhi ya kijiji inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na haiwezi kuchukuliwa kwa mazungumzo ya ofisini tu. Taarifa iandikwe kwa Kiswahili, na isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji katika majira ambayo wafugaji hawajahamisha mifugo, kwa sababu kikao cha wazee waliobaki nyumbani hakiwezi kuitwa ushirikishwaji.

Vipimo gani vianze kabla ya ujenzi wowote?

Angalau misimu miwili kamili ya kiangazi na masika ipimwe pasipo mwale wowote. Mawimbi yaliyopo sasa yapimwe kijiji kwa kijiji, ili baadaye mnara wa simu usije ukasingiziwa au rektena ikasafishwa kwa kisingizio cha mnara. Ndege wahesabiwe asubuhi na jioni, popo kwa vinasa sauti usiku. Mizinga ipimwe uzito kila juma kwenye miti ileile, mingine ndani ya eneo linalopendekezwa na mingine mbali nalo. Zahanati ziandike kwa mpangilio mmoja wagonjwa wa mtoto wa jicho, mimba zinazoharibika na waliozidiwa na joto, kwa umri na kijiji. Daftari hizo zihifadhiwe kwa nakala mbili, moja Chuo Kikuu cha Dodoma na nyingine katika ofisi ya kijiji husika, na mwekezaji asiwe na ufunguo wa kabati lolote kati ya hayo mawili.